Pikapu Yangu na Karavani ya Mtani

Pikapu ni yangu mimi. Naanza na hilo kwa sababu kule Unionville, hapahapa Kanada, kuna watu ambao mpaka leo wanajua vingine. Ni nyekundu, ina milango minne, na nyuma, chini ya namba, kuna kile kipira cha chuma cha kushikia trela. Niliinunua mpya kabisa, viti bado vimevikwa nailoni. Sijawahi kuwa na kitu kipya chenye magurudumu maishani mwangu. Hata baiskeli yangu ya kwanza, kule Usangi, ilikuwa imeshazika wenyewe wawili kabla ya kunifikia mimi.

Mtanisamehe mwandiko. Shule niliishia darasa la nne, wala si kwa ujinga. Mwalimu wetu alihamishwa, hakuletwa mwingine, tukakaa tunamsubiri mpaka tukaota ndevu. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema, na nikisema huwa napotea njia. Marehemu mke wangu ndiye alikuwa akinirudisha barabarani. "Ulikuwa unasema habari ya mbuzi," ananiambia, nami narudi kwa mbuzi.

Haya, pikapu. Binti yangu alipoiona alishika kiuno. "Baba, utaiweka wapi?" Kwa Kiingereza hiyo, maana Kiswahili anakisikia chote ila hakimtoki. Nikamwambia nitaiweka chini, kwenye maegesho ya jengo. Tunakaa Weston, jengo la zamani linalotazama mto, na maegesho yake yako chini ya ardhi. Pale mlangoni pana bomba la njano limening'inizwa kwa minyororo, limeandikwa urefu wa gari linaloruhusiwa. Mimi nikaingia. Nikasikia kung! juu ya kichwa, kama mtu amepiga sufuria. Gari lina siku tatu, tayari lina kovu juu ya paa. Ikabidi niombe nafasi ya nje, karibu na mapipa ya taka, na kila asubuhi nikawa nashuka na kitambaa kufuta mavi ya ndege. Majirani walizoea. Wengine walidhani nimeajiriwa.

Sasa mtu mwenye akili zake atauliza, mzee amepita sabini, mgane, anataka pikapu ya nini. Ndipo anapoingia mtani wangu.

Mimi ni Mpare, yeye ni Mchaga. Kwa asiyejua, makabila hayo mawili yana utani tangu enzi za babu wa babu. Mtani anakutukana mbele za watu, unacheka. Anaingia jikoni kwako anafunua masufuria. Akiipenda kofia yako anaivaa na kuondoka nayo, na ukinuna wewe ndiye mwenye makosa. Halafu siku ukifiwa, yeye ndiye anayefanya yale ambayo ndugu wa damu hawawezi kuyafanya.

Tulikutana Malton, kwenye ghala la mizigo ubavuni mwa uwanja wa ndege, siku yangu ya kwanza kazini. Alikuwa anasukuma toroli. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia. Akaliachia toroli akapaza sauti kwa Kiswahili, mbele ya Wapunjabi na Wajamaika wasioelewa hata neno moja: "Jamani fungeni makabati, ameingia Mpare!"

Nikamjibu, "Afadhali Mpare. Mchaga angeyauza makabati yenyewe."

Basi, ikawa hivyo. Miaka ishirini na miwili tulipakia mizigo pamoja, na sidhani kama kuna siku tuliyosalimiana kwa adabu.

Ijumaa za kiangazi, saa ya chai, tulikuwa tunakaa kwenye ngazi za nyuma na vizibao vyetu vya njano vya kazi, tunatazama barabara kuu. Watu wanapita kwenda kaskazini kwenye maziwa, huyu na pikapu yake, yule na yake, na kila mmoja anakokota karavani, ile nyumba ya magurudumu yenye vitanda na jiko ndani. Tulikuwa tunazihesabu mpaka chai inapoa. Siku moja akasema, "Mpare, tukistaafu wewe nunua gari, mimi nanunua nyumba."

"Kwa nini mimi gari?"

"Kwa sababu ukinunua nyumba wewe, hutanifungulia mlango."

Tukacheka, kisha tukapeana mikono. Ule mkono haukuwa utani. Namjua akitania, sauti yake inapanda. Siku ile ilishuka. Mke wangu alipoambiwa alisema atakuja na sufuria zake mwenyewe, hawezi kupika kwenye vyombo vya Mchaga.

Hakuwahi kwenda. Alituacha mwaka juzi, mwezi wa pili, baridi ya kupasua midomo. Makaburini, gari la maiti linaingia polepole, mara nikamwona mtani wangu amesimama katikati ya njia amefungua mikono. Amevaa koti la marehemu, lile la bluu. Sijui alilichukua saa ngapi. Akaanza kutembea kama yeye, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, akanielekezea kidole: "Wewe mzee, umevaa soksi mbili kweli? Hebu nione!" Ilikuwa sauti yake hasa. Dereva wa lile gari, kijana wa kizungu na tai yake nyeusi, alitaka kuita polisi. Binti yangu alikasirika, halafu akacheka, halafu ndipo akaweza kulia, maana siku nne alikuwa hajadondosha chozi. Njia haikufunguliwa mpaka nilipomvulia mtani skafu yangu nikampa. Nakumbuka nilisema moyoni, huyu hata akinichomea nyumba nitamletea kiberiti.

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa marefu. Mwezi wa nne nikanunua pikapu. Nikampigia simu nikiwa bado kwenye kiwanja cha muuzaji. "Mchaga, gari tayari. Nyumba iko wapi?"

"Bado naangalia," akasema. "Nyumba hainunuliwi kama kitunguu."

Mwezi wa tano, bado anaangalia. Wa sita, bado. Mimi nimeshanunua viti vya kukunja viwili na taa ya betri, nimejifunza kwa fundi namna ya kufunga trela, mpaka zile nyaya za taa za nyuma. Nikawa nawaambia watu wa kanisani, sisi tunaondoka kiangazi hiki.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba akaja kwangu kwa basi. Hakukaa hata chai. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, akautoa, akautia mfukoni. "Gari hili limetekwa," akasema. "Ukitaka kulikomboa andaa mbuzi." Akashuka. Nikamwangalia dirishani anavyolitoa kati ya mapipa, amenyoosha shingo kama mkuu wa wilaya. Nilicheka peke yangu mpaka nikafuta macho. Nikapiga simu kwa watu watatu kuwaambia mtani wangu kaniibia gari. Nilikuwa najisifu. Tangu msiba, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuingia kwangu na kuchukua kitu kama zamani.

Jumatatu akalirudisha. Limeoshwa. Mpaka magurudumu yameoshwa. Hapo ningepaswa kushtuka, maana mtani haoshi. Anakurudishia kitu kichafu na lawama juu. Nilipoinua kapeti la miguuni nikakuta mchanga mweupe. Na kile kipira cha nyuma, ambacho mimi sijawahi kukigusisha kitu, kimechubuka rangi duara zima. Nikajisemea, labda amemhamishia mtu makochi kwa trela. Sikuuliza. Kwetu kumhoji mtani kitu alichokuteka ni aibu, ni kama kuhesabu vipande vya nyama kwenye sahani ya mgeni. Nikafuta gari.

Mwezi wa nane akafanya ibada ya shukrani kanisani kwetu, ile ibada ya Kiswahili ya alasiri, kwa ajili ya mjukuu wake aliyezaliwa. Binti yake ameolewa na kijana wa Kigoa, wazazi wa kijana walitoka Nairobi zamani, watu wa ofisi wamestaafu, wanakaa Unionville. Kwenye chakula nikazidiwa na joto nikatoka kwenda kukaa garini. Nafungua tu mlango, nikasikia mtu nyuma yangu. Ni yule mama mkwe wa binti yake, mama mpole, miwani imefungwa mnyororo.

"Ni wewe mzee unamchungia mkwe wetu gari?"

Sikumwelewa. "Gari lipi, mama?"

"Si hii. Alituambia kwake hakuna nafasi, ati kuna mzee huko Weston anamwekea na kumwoshea. Unaiosha vizuri sana, kusema ukweli. Na hiyo karavani yake! Tulilala siku tatu kando ya ziwa, kitanda laini kushinda yangu ya nyumbani. Ngoja uone."

Akatoa simu. Nikaona. Pikapu yangu nyekundu, kovu langu juu ya paa, na nyuma yake karavani nyeupe yenye mstari wa kijani. Mtani wangu amekaa mlangoni mwa karavani, kikombe mkononi, amezungukwa na wakwe zake. Anacheka kile kicheko cha ngazi za ghala.

Ningeweza kumwambia. Kadi ya gari ilikuwa palepale, inchi chache kutoka mkononi mwangu, ina jina langu. Lakini yule mama alikuwa amefurahi, na ndani watu walikuwa wanamsherehekea mtoto. Nikasema, "Ni gari zuri, mama." Akaniletea sambusa nne kwenye karatasi. "Utakula njiani, mzee." Nikapokea kwa mikono miwili nikashukuru.

Kesho yake nilikwenda kwa mtani wangu, palepale Malton. Nikamkuta jikoni kwake, mkewe ametoka.

"Karibu, Mpare. Umefuata harufu ya nyama?"

Sikukaa. "Karavani iko wapi?"

Akacheka, akaniangalia, kicheko kikakatika. "Kwa mkwe. Uani kwao."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Mwezi wa tatu. Mimi nampigia mwezi wa nne, nyumba anayo tayari, ananiambia habari za vitunguu.

"Mtani hakasiriki," akasema. "Niliteka gari, nikalirudisha, tena limeoshwa. Mpare wa kweli angekuwa ameshafungua kesi."

"Na mchungaji wa gari ni nani?"

Ndege ikapita juu. Pale Malton ndege ikipita mazungumzo yanasimama, ni kawaida, mnasubiri. Hii ilipita, akachukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi.

"Ningesema nini?" akasema mwishowe. "Siku ya posa waliniuliza nimefanya nini miaka yote hii Kanada. Wao wana vyeti ukutani. Nikasema nina gari na karavani. Ilinitoka tu. Karavani nikainunua ili nisiwe mwongo. Kisha wakataka kwenda."

"Ungenichukua. Mimi ningeendesha."

"Wewe ungeendesha, wangeuliza gari ni la nani. Na mdomo wako huo."

"Ungesema la rafiki yako."

Akafungua friji, akaifunga. "Ulikuwa utani, Mpare."

"Utani unafanywa mbele ya mtu," nikamwambia. "Mimi nilikuwa wapi nicheke?"

Akasema basi twende sisi wawili, wiki ijayo, yeye atapika, atachukua na ile kahawa ninayoipenda. Sauti ilikuwa imeshuka kama siku ile ya kupeana mikono. Nikamwambia nitamjibu.

Wiki nzima nilikuwa natafuta tusi. Msifikiri nilikuwa nataka kumwumiza. Baina ya watani kosa hulipwa hivyo: unamtukana tusi kubwa kuliko kosa, watu wanaanguka kwa kicheko, mnakwenda kula, yamekwisha. Kila asubuhi nafuta gari huku nayajaribu. Mchaga mwizi wa vitanda. Mchaga uliyekodisha uso. Yalikuwa mazuri, mengine makali. Hakuna lililonichekesha mimi mwenyewe, na tusi lisilomchekesha anayelitoa si utani, ni tusi.

Jumapili akaniona tangu mbali, nje ya kanisa, akapaza sauti: "Jamani shikeni mikoba yenu, Mpare huyo!" Watu wakageuka wakitabasamu, wananisubiri mimi nirudishe. Wametuzoea.

Nikamwendea nikampa mkono. "Bwana asifiwe, ndugu. Habari za nyumbani? Mama hajambo?"

Watu wakacheka, wakadhani ni mchezo mpya. Yeye hakucheka. Mkono wake ulikuwa bado umo ndani ya wangu.

"Acha hizo," akasema kwa chini. "Nitukane."

"Na mjukuu anaendeleaje?"

"Nitukane, bwana. Watu wanatuangalia."

"Mungu awazidishie, ndugu yangu," nikasema, nikaingia ndani nikatafuta kiti.

Wiki ile aliyoitaja hatukwenda ziwani, wala iliyofuata. Sijakokota kitu mpaka leo. Siku hizi ananisalimia vizuri mno. Ananiuliza habari za magoti, namwuliza habari za mjukuu, tunaambiana tumshukuru Mungu, kila mmoja anapita njia yake. Juzi familia moja iliyotoka Dodoma, bado wageni kanisani, waliniambia wanapenda kutuona sisi wazee wawili tunavyoheshimiana.