Taa ya Mtu Aliyepakata Mtungi

Mwaka huo bibi yangu, ambaye sisi tunamwita Ayeeyo, alikuwa na kiti cha gari barazani. Si kiti kinachofanana na cha gari. Ni chenyewe, kile cha abiria wa mbele, kimefunguliwa bolti zake na kuwekwa juu ya mkeka upande wa kivuli. Baada ya alasiri aliketi pale na tasbihi yake, na akitaka kujinyoosha alivuta kile kijiti cha pembeni, mgongo wa kiti ukarudi nyuma taratibu. Wageni walicheka. Yeye aliwaambia kiti cha plastiki hakijui mgongo wa mtu.

Walioking'oa ni Hooyo, yaani mama yangu, na wenzake wa maziwa. Hooyo huchukua maziwa ya ngamia kwa wafugaji wa upande wa Balambala na kuyafikisha sokoni Garissa kabla jua halijawa kali. Zamani aliyatuma kwa malori, na dereva wa lori akisimama mahali kunywa chai, maziwa yalifika yameharibika na hakuna wa kumlalamikia. Ndipo akanunua gari dogo lenye buti refu, lililotumika Japani, akajifunza kuliendesha mwenyewe. Wanaume walisema mengi. Mitungi ilipozidi buti, akina mama wakaulizana kiti cha mbele kina kazi gani, na abiria ni maziwa. Wakaleta spana.

Siku chache baadaye Hooyo aliona taa nyekundu kwenye dashibodi, na haikuzimika tena. Ilikuwa picha ya mtu aliyeketi, mbele yake duara kubwa.

"Amepakata mtungi," Hooyo akasema. "Gari limejua biashara yangu."

Alitania, lakini alikuwa na hofu. Kitabu cha gari kiliandikwa Kijapani. Tulitazama picha, tukakifunga.

Aliyeitafsiri ile taa ni Abti, mjomba wangu. Mimi namwita abti naye huniita abti, ndivyo tunavyoitana kwetu, kama vile Hooyo anavyoniita hooyo.

"Taa ya manjano ni onyo, nyekundu ni mauti," Abti alimwambia dada yake. "Liuze kabla injini haijafa. Nani hununua ngamia akishaanguka?"

Tena alikuwa na mnunuzi tayari. Angekuja naye Ijumaa baada ya swala. Jioni ile nilimsikia Hooyo akizungumza kwa simu na dereva wa lori wa zamani, kwa sauti ya upole kupita kiasi, sauti ya mtu anayerudi alikoondoka kwa hasira. Nilikuwa nimefungua daftari la fizikia na sikusoma hata mstari.

Mimi ni mtu wa haya. Shuleni mwalimu akiuliza swali ninalolijua, naangalia dawati mpaka mwingine ajibu. Ndiyo maana napenda video za mafundi wa magari kwenye simu: wanaeleza na hawakuulizi kitu. Kaka yangu alinicheka, lakini alinitumia kutoka Nairobi kidude kidogo cha kuchomeka chini ya usukani. Kinasoma makosa ya gari na kuyaonyesha kwenye simu. Nilikuwa sijawahi kukitumia mbele ya watu.

Jumatano nilikichomeka. Abti alikuwepo, na wale wenzake Hooyo, na Ayeeyo kwenye kiti chake.

"Haya, daktari," Abti akasema. "Mgonjwa anasemaje?"

Simu ikafikiri, kisha ikaandika kwamba hakuna kosa lililopatikana. Nikasoma kwa sauti ndogo.

"Hakuna kosa? Basi hiyo taa inaota ndoto?"

Wakacheka wote, hata Hooyo kidogo. Nilichomoa kidude nikaenda bafuni. Sikulia, lakini nilikaa humo muda mrefu kuliko mtu anayeoga. Na humo humo ndimo nilimokumbuka jambo: ile taa ya injini yenyewe, yenye picha ya injini, haikuwa imewaka. Simu iliuliza injini, na injini ikajibu kwamba ni nzima. Labda anayelalamika ni mwingine.

Kesho yake, Alhamisi, ilikuwa zamu yangu kuosha gari. Maziwa humwagika, na yasipooshwa harufu yake haivumiliki. Nilipokuwa nasugua sakafu pale kiti kilipokuwa, chini ya zulia nikaona plagi ya manjano iko wazi, haijachomekwa popote, imejaa vumbi na maziwa makavu. Nikaondoa mkono haraka. Kwenye zile video, nyaya za manjano ni za mifuko ya hewa, ile inayofura mtu akigonga ili asiumie kifua. Fundi haigusi kabla ya kutenganisha betri.

Nikamwambia Hooyo twende kwa fundi leo leo.

"Kuna nini?"

"Kuna waya."

Aliniangalia. Mimi si mtu wa kuomba kitu. Akachukua funguo.

Fundi ni mtu wa Mwingi, gereji yake iko karibu na soko la mifugo. Hooyo akamwambia kwa Kiswahili chake, "Fundi, gari yangu iko mgonjwa. Huyu msichana anajua. Uliza yeye."

Nilitamani ardhi inifunike. Nikaviambia viatu vyangu kwamba kiti kilitolewa na plagi ya manjano iko wazi.

"Dada, hiyo ni siri ya mimi na wewe?" fundi akauliza. "Ongeza sauti kidogo."

Nikarudia. Safari hii akaacha kujifuta mikono.

"Na kiti kiko wapi?"

"Bibi anakikalia."

Hooyo akacheka, kicheko chake halisi ambacho sikuwa nimekisikia wiki nzima.

Fundi alileta mashine kubwa kuliko kidude changu. Hiyo huuliza kila sehemu peke yake: injini, breki, mifuko ya hewa. Injini haikuwa na neno. Mifuko ya hewa ikatoa namba inayoanza na B; kumbe lile duara la kwenye taa si mtungi, ni mfuko uliofura. Akanionyesha kioo. Namba za injini huanza na P, akasema, na vidude vingi kama changu husoma hizo tu. Kwa hiyo simu yangu haikudanganya. Sijui kwa nini jambo hilo lilinifurahisha kuliko yote.

"Naweza kufuta hii namba sasa hivi," akamwambia Hooyo, "lakini itarudi, kwa sababu kiti hakipo. Injini haina shida, mama. Shida ni mkigonga ngamia huko barabarani. Hii mifuko inaweza kukataa kufunguka, hata ule wako wa kwenye usukani."

Hooyo akanigeukia na kuniuliza kwa Kisomali, "Amesema ngamia?"

"Amesema ngamia."

Njia nzima ya kurudi aliendesha polepole. Ngamia huvuka ile barabara ya Balambala alfajiri, na yeye huwa peke yake.

Ijumaa Abti alifika. Mnunuzi alikuwa akisubiri simu yake.

"Haliuzwi," Hooyo akasema.

"Na ile taa?"

"Taa inataka kiti chake."

"Nimwambie mtu mzima hivyo?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Abti akanitazama mimi, kisha akatoka nje kupiga simu.

Kazi ikabaki kwa Ayeeyo. "Mmenitoa kwa ngamia wangu mkanileta mjini," akasema, "sasa mnanitoa kwenye kiti." Hooyo akamweleza polepole kwamba ubavuni mwa kiti kile mna mfuko wa hewa unaofyatuka kwa kishindo.

"Humu? Na mimi hulala humu?"

Aliinuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka.

Fundi alikuja akatenganisha betri, akasubiri, akasafisha plagi na kufunga kiti, kisha akafuta ile namba kwa mashine. Hooyo akaketi kwenye usukani, mimi pembeni yake. Alipozungusha ufunguo, mtu mwekundu akawaka. Hooyo akanishika mkono.

"Hujikagua kwanza," fundi akasema dirishani. "Subirini."

Taa ikazimika.

Sasa mitungi iliyokosa nafasi inapanda kwenye karia juu ya paa, na Hooyo hulalamika kwamba kuifunga kamba kunamchelewesha. Ayeeyo ana kiti cha plastiki chenye mto, na bado hajatusamehe. Wakati wa likizo mimi huenda Balambala na Hooyo, mtungi mmoja katikati ya miguu yangu. Kabla ya kuondoka yeye huzungusha ufunguo na kuangalia nje, hataki kuitazama dashibodi mwenyewe.

"Yule mtu ameondoka?" huniuliza.

"Ameondoka."

Anasema bismillahi, tunatoka.