Nyama Ambayo Baba Hakula

Wakati wa vita, sabuni ilipokuwa adimu kuliko wachumba, nilikwenda Murusagamba kuposa. Mimi ni mtoto wa nje. Mama alinizaa akiwa kwao, na baba sikumjua. Kijijini waliniita mwanaharamu bila chuki, kama walivyomwita kiwete kiwete.

Nilifundisha ngumbaru, na nilijisomea hata karatasi zilizofungiwa chumvi. Kwa hiyo nilijiandaa. Nilitunga hotuba yenye sehemu tatu: maana ya neno haramu, usawa wa binadamu katika kijiji cha ujamaa, na hitimisho. Mjomba, aliyenisindikiza, nilimwomba asinikatize.

Baba wa binti alitukaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Kijana, wewe ni wa nani?"

Nikasimama nikatoa hotuba yote. Mjomba alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Mzee alisikiliza mpaka hitimisho, akafuta midomo.

"Umesema vizuri. Sasa, ukoo wa baba yako una mwiko wa nyama gani?"

Sikujua. Kila ukoo kwetu una mnyama usiyemla, na wenye mwiko mmoja ni ndugu, hawaoani.

"Basi siwezi kukupa binti. Huenda ni dada yako. Hiyo haramu yako hainihusu, mimi naogopea wajukuu."

Nilirudi kwa mama. Habari za baba sikuwahi kumwuliza, nikidhani namstahi. Alikuwa akimenya ndizi.

"Pongo," akasema, kisu kikiendelea. "Nilimpikia mara moja, akalala njaa. Miaka yote hii ulikuwa unaogopa kuuliza hilo?"

Pongo nilikuwa nimemla tangu utotoni, na mchuzi nikaomba kuongezwa.

Nilipopeleka jibu Murusagamba, mzee alinishika mkono akautazama upele wangu, ambao mimi nilidhani umeletwa na uhaba wa sabuni. "Ni pongo huyo. Anayekula mwiko wake ngozi humsema. Sisi wetu ni kondoo. Mjomba wako aje tuzungumze mahari. Ila mwanangu, siku ya harusi usihutubu."

Mwaka jana binti yetu alirudi nyumbani na mtoto, bila mume. Majirani walileta maziwa na nguo za kichanga. Lile neno la zamani sikulisikia kwa yeyote. Mimi niliuliza swali moja tu.

"Baba yake hali nyama gani?"

"Anakula zote, baba."

Nikasimama ili nimweleze. Mke wangu akasema, "Kaa chini."