Ushuhuda Nilioutoa Mara Tatu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu pale Igowole, nilikaa wiki sita bila kusema neno. Ndugu zangu wanaoikumbuka habari hiyo huisimulia wakicheka, eti tangu sauti iliporudi sijawahi kunyamaza tena. Mimi sicheki. Kila nikiisimulia hasira inanipanda upya, na umri huu nilionao nina presha, daktari amenikataza hasira. Lakini nitaisimulia tu.

Ilikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijijini. Zamani kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake. Ghafla tukapangwa kwa mistari, nyumba kwa nyumba, kila mtu na jirani ambaye hakumchagua. Jirani yetu akawa Mzee Shomari, fundi cherehani, mtu mwenye asili ya pwani. Aliishi na mkewe na binti yao Mwanaidi, tuliyesoma naye darasa moja. Baba yangu alikuwa seremala na mzee wa kanisa, na mabenchi yote ya kanisa letu aliyapiga randa yeye kwa mikono yake. Baba alikuwa akienda kuazima makasi kwa Mzee Shomari, Mzee Shomari akija kuazima msumeno kwa baba. Naomba mlielewe hilo kabla sijaendelea. Hawa walikuwa watu wa kuazimiana vifaa.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka shule, mimi na Mwanaidi, mvua inanyesha, tumejifunika mfuko mmoja wa mbolea. Radi ikapiga mkaratusi uliokuwa hatua chache mbele yetu. Mwanaidi aliangukia mtaroni, akainuka, akanishika mkono na kunivuta kwenye tope mpaka nyumbani kwetu. Mwili wangu ulikuwa mzima, hata kidonda sikuwa nacho. Sauti tu ndiyo haikuwepo. Nikifungua mdomo, inatoka pumzi.

Kwetu radi haipigi hivi hivi. Radi inatumwa. Hata mwalimu wetu wa sayansi, akishamaliza kuchora mawingu ubaoni, akitoka nje ya darasa anakuuliza umegombana na nani. Basi kijiji kikaanza kuuliza. Walikuwa chini ya mfuko mmoja, mbona yule binti wa Kiislamu hakudhurika? Mbona imemchagua Rebeka? Hakuna aliyetaja kwamba huyo binti ndiye aliyenivuta mpaka nyumbani. Watu wa pwani wanafuga majini, walisema, na majini hayawadhuru wenyewe.

Zahanati walinipa vidonge vyeupe. Mwinjilisti Yeremia, aliyekuwa akituongoza siku ambazo mchungaji hayupo, na mchungaji alikuwa hayupo karibu siku zote, alikuja akaniwekea mikono kichwani na kukemea mpaka mate yakanirukia usoni. Baba aliweka Biblia chini ya mto wangu ili nguvu za giza zisinisogelee. Nililala juu ya Biblia hiyo wiki tano, shingo ikawa inaniuma. Ikumbukeni, nitairudia.

Wiki ya sita, asubuhi moja, mama alifunga kitenge chake vizuri, akanishika mkono, tukaenda nyumba ya pili. Hakupita nyuma ya nyumba kama mwizi. Alipita mbele, mchana kweupe, akawasalimia watu njiani, "Kamwene," nao wakamwitikia huku macho yanatufuata.

"Mzee," alisema, "nimeambiwa unajua kuandika kombe. Mtoto wangu hasemi."

Mzee Shomari alisimamisha cherehani. "Mama Rebeka, mumeo anajua?"

"Nitamwambia."

"Watu watasema."

"Wameshasema."

Alinawa, akachukua sahani nyeupe, akaandika kwa kalamu ya mwanzi iliyochovywa kwenye zafarani. Mistari ilizunguka sahani yote. Mama alimuuliza ameandika nini, akajibu kwamba ni maneno ya kumwomba Mungu amponye mtoto, hakuna kingine. Kisha akamimina maji, maandishi yakayeyuka, maji yakawa ya njano. Akanipa sahani kwa mikono miwili. "Kunywa, mjukuu wangu, hayana uchungu." Nikanywa. Mwanaidi alikuwa amekaa kizingitini ananiangalia, akaniuliza kama ni tamu, nikamtikisia kichwa kwamba hapana.

Tulienda siku tatu. Siku ya nne nilikuwa nimekaa jikoni nikaona povu linapanda kwenye sufuria, nikasema, "Mama, uji unamwagika." Mama aligeuka, akaketi chini kwenye majivu na kitenge chake kizuri, akacheka na kulia kwa pamoja. Uji ulimwagika wote na hakuna aliyejali.

Sijui kilichonirudishia sauti. Daktari mmoja aliniambia sauti za watoto walioshtuka hurudi zenyewe, na huenda ni kweli. Sibishani naye, hasira yangu haiko hapo.

Baba alipoambiwa alimshukuru Mungu, akarudi karakana. Na mama aliniambia jambo moja tu: "Kanisani wakikuuliza, sema Mungu ameniponya. Si uongo." Laiti ningemsikiliza. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na kwenye kanisa letu kutoa ushuhuda ndiyo ilikuwa sifa. Watu wazima walisimama kila Jumapili wakaeleza siku, mahali, na jina la mtu, kwa sababu Mwinjilisti alitufundisha kwamba ushuhuda wa kufichaficha haumpendezi Mungu. Nilitaka wangu uwe mzuri kuliko wote.

Nikasimama. Nikasema, "Bwana asifiwe. Nilikuwa bubu. Mama akanipeleka kwa Mzee Shomari, akaandika maneno ya Mungu kwenye sahani, nikayanywa siku tatu, sasa naongea."

Nilisubiri pambio. Kila ushuhuda uliishia na pambio. Badala yake nikasikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati.

Mwinjilisti hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alifurahi. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiisubiri. "Mmesikia wapendwa? Mtoto hasemi uongo. Amefunguliwa. Na anayejua kufungua fundo namna hiyo ni nani, kama siyo aliyelifunga?"

Yaani kupona kwangu kukawa ushahidi. Kama nisingepona, Shomari ni mchawi. Nimepona, Shomari ni mchawi zaidi. Nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka arobaini na bado sioni ni mlango gani aliachiwa yule mzee wa kutokea.

Wazee wa kanisa wakakaa kikao, baba akiwemo. Mama akatakiwa apige magoti mbele ya usharika, atubu kwamba amemnywesha mtoto uchawi, na atamke kwamba Shomari ndiye aliyetuma radi. Akifanya hivyo anarudi kundini. Alijibu mbele yao, nami nilikuwa nje ya dirisha nasikia.

"Kutubu nitatubu, mimi ni mwenye dhambi kama ninyi. Kumsingizia mtu sitaweza."

"Basi utatengwa," Mwinjilisti alisema.

"Nitengeni. Lakini kwanza niambieni. Mume wangu alimlaza mtoto juu ya maandiko wiki tano. Huyu mzee ameyaweka kwenye maji siku tatu. Uchawi ni upi?"

Baba alitazama mikono yake. Hadi leo ningependa kujua aliona nini kwenye hiyo mikono.

Mimi nikabaki. Mimi ndiye shahidi, na shahidi alitakiwa arekebishe maneno yake. Jumamosi baba aliniita karakana, akaniketisha juu ya rundo la mbao. "Sema tu wanavyotaka, mwanangu. Yaishe." Hakunipiga wala hakunitisha. Aliniomba, baba yangu mzima, na mimi nilimpenda.

Jumapili nikasimama tena. Nikasema, "Bwana asifiwe. Mzee Shomari alinitumia radi. Yesu ameniponya." Wakaimba pambio, tena kwa makofi. Mwinjilisti akanipa kadi yenye picha ya mchungaji na kondoo, nikaiweka kifuani. Mama alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, lile la waliotengwa. Lilikuwa halina egemeo. Baba ndiye aliyelitengeneza.

Baada ya hapo hakuna aliyepeleka tena nguo kwa Mzee Shomari. Mawe yalirushwa juu ya bati lake. Shuleni walimwita Mwanaidi Binti Radi, na siwezi kusema kwamba niliwasikia tu, kwa sababu nami nilimwita hivyo. Siku moja alinisimamisha bombani.

"Rebeka, kwani nimekufanya nini?"

Safari hii sauti nilikuwa nayo, na sikumjibu. Nilijaza ndoo yangu nikaondoka. Kabla ya Pasaka yeye na wazazi wake walipanda lori la kuelekea Iringa, cherehani imefungwa kwa kamba juu ya magodoro. Watu wetu walisimama kando ya barabara wakiangalia, na wengine walivaa nguo alizowashonea.

Mtu hasemi uongo kanisani akabaki alivyo. Mimi niliuamini wangu. Ilinibidi niuamini, maana vinginevyo nisingeweza kuishi na mama ndani ya nyumba moja. Nilipokwenda sekondari nilipangiwa kitanda cha chini, juu akilala msichana aitwaye Rukia, mpole, anayesali bila kumsumbua mtu. Nilikataa. Nikaenda kwa matroni nikasema siwezi kulala chini ya majini ya mtu, nikahamishwa. Likizo nikamsimulia mama kwa majivuno, nikidhani nitamfurahisha, maskini mwanamke aliyeponzwa na watu hao.

Alikuwa anapepeta mahindi. Akaweka ungo chini. "Rebeka," alisema, "kwani mimi nimekaa benchi lile kwa ajili ya nini?"

Akaokota ungo akaendelea kupepeta. Hakurudia swali hilo maishani mwake. Mimi usiku huo sikulala, na shule ilipofunguliwa nilikwenda kumwomba Rukia msamaha. Alinisamehe haraka mno, nadhani alishazoea.

Mama alikaa benchi lile miaka yote. Kila Jumapili alioga, akafunga kitambaa, akaenda kanisani kwake, sahani ya mkate ikapita kwa wengine na kumruka. Mwinjilisti Yeremia alikufa akazikwa kwa heshima zote. Watu waliosahau hata sababu ya kumtenga mama waliendelea kumtenga. Baba aliendelea kuketi mbele.

Mama alipofariki, mchungaji kijana, mtu mwema kwa kweli, alikubali mwili uingie kanisani. Akasimama akasema kwa upole kwamba usharika umemsamehe mama yetu. Umemsamehe. Nilihisi kichwa kinataka kupasuka. Nilikuwa nimepangiwa neno la shukrani la familia, nimeliandika vizuri kwenye karatasi. Nikaikunja karatasi.

Nikasema, "Bwana asifiwe. Nilikuwa bubu. Mama akanipeleka kwa Mzee Shomari, akaandika maneno ya Mungu kwenye sahani, nikayanywa siku tatu, nikaongea. Mzee Shomari hakunitumia radi. Nilisema uongo mahali hapa hapa na mkaniimbia. Mama yangu alikataa kuusema, na ninyi mkamweka mlangoni mpaka amekufa. Hana cha kusamehewa na mtu yeyote humu ndani."

Hakuna aliyeanzisha pambio. Baba, mzee sana sasa, aliketi palepale mbele, na hakugeuza shingo. Nilitembea mpaka benchi la nyuma nikakaa hadi ibada ilipokwisha.

Watu waliniambia baadaye kwamba nilikuwa jasiri. Ujasiri gani? Mama alisema ukweli ulipokuwa na gharama. Mimi niliusema nikiwa mtu mzima, nina pensheni yangu, hakuna wa kunifanya kitu. Nimemtafuta Mwanaidi Iringa mjini, kwa mafundi wa sokoni mmoja baada ya mwingine. Mmoja alimkumbuka mzee mwenye jina hilo, akasema alifariki zamani na binti akaolewa mbali, hajui wapi. Ndiyo maana hasira hainiishi, na nyingi ni ya kujikasirikia mwenyewe. Ushuhuda wangu wa tatu ulisikiwa na kijiji kizima, na niliyemkosea hakuwemo kanisani.