Ndala za Mama Kwenye Mlima wa Newala

Mwanaume wa kwetu hashuki kwenye baiskeli mlimani. Mnyororo ndio unaomshusha. Utamwona anaupanda mlima wa Newala kwa mbwembwe, kasimama juu ya pedali, shati limemganda mgongoni, anayumba kushoto na kulia barabara nzima kama vile kaachiwa yeye peke yake. Akifika kwenye ile kona walipokwama wenzake wote, anakanyaga pedali kinyumenyume, mnyororo unatoka, naye anashuka akiutukana kwa sauti ili tusikie. Kisha anachuchumaa kuurudisha mpaka na pumzi irudi. Sisi wanawake tunashuka chini kabisa, kabla mlima haujaanza. Tunajifunga khanga viunoni, tunasukuma, tunasengenya. Tukifika juu tuna habari za nusu ya wilaya, wao wana kichomi.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Maduka ya Masasi, ambayo tulizoea kuyakuta na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, yalianza tena kuwa na vitu. Baiskeli zilizokuwa zikipatikana kwa kibali na kwa kujuana sasa zilipangwa nje ya duka, na mwenye fedha zake za korosho alikwenda akachagua. Mimi nilichagua ya kike, nyekundu, isiyo na bomba la kati. Mwenzangu, kijana wa Mkomaindo niliyempenda mpaka nikawa nachekacheka peke yangu sokoni, alichukua nyeusi, ndefu, yenye bati lililofunika mnyororo wote. "Huu hautoki," aliniambia akilipigapiga lile bati. "Hata uutake utoke." Nikaona fahari. Hatukujua tumenunua balaa gani.

Tulitaka kuoana. Kwetu Mnyambe mwenye neno la mwisho ni mjomba, lakini mjomba hasemi kitu kabla ya kumtazama mama usoni, na uso wa mama ulikuwa bado haujasema. Kila nilipomtaja kijana wangu alijibu, "Tutaona." Nilimjua mama. Hiyo "tutaona" yake ilishamfukuzia dada yangu mchumba aliyekuwa na cherehani. Kwa hiyo mama alipokuja Masasi kusalimia ndugu, tulipanga turudi naye wote watatu, kijana akaonekane kwa mjomba. Baiskeli tukazipandisha juu ya basi, za kututoa Newala mjini hadi nyumbani.

Basi likafia chini ya mlima. Dereva alifungua boneti, akatazama, akaifunga, akaenda kutafuta kivuli.

Mama angetembea bila shida, mlima ule kaupanda na mizigo kichwani tangu usichana wake. Lakini mwenzangu alikuwa ameshashusha baiskeli, anafuta keria kwa leso nyeupe. "Mwambie mama apande," akaniambia mimi, na mama yuko palepale, kwa sababu mkwe hasemeshwi ovyo. Mama akanitazama. Utakataaje keria iliyofutwa kwa leso? Akakaa upande, akashika springi za siti asije akamgusa mwanaume wa watu. Nikapiga magoti nikamfunga ndala zake miguuni kwa vipande vya mpira wa tyubu, fundo juu ya fundo, zisimtoke njiani. Mizigo nikaifunga kwenye baiskeli yangu, nikaanza kusukuma.

Kona ya kwanza kijana wangu alikuwa anaimba. Ya pili akaacha. Baada ya hapo mimi niliyekuwa nasukuma nikawa nawapita, ikabidi kila mara nisimame nijidai nafunga khanga upya. Wanawake wenye kuni wakatupita nao. "Shikamoo Mama!" "Marahaba, wanangu." Mama aliitikia kwa wote wawili, maana mwenzangu hakuwa na pumzi ya kugawa. Mbele, kwenye ile kona, wanaume walikuwa wamechuchumaa kila mmoja na mnyororo wake. Walipoliona lile bati, wakamtazama kwa huruma kama mtu aliyefiwa.

Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Kumwambia mkwe ashuke ni kumwambia kuwa ni mzito. Mkwe naye kuomba kushuka ni kumwambia kijana kuwa hana nguvu, na mbele ya wanaume wale habari ingefika Mnyambe kabla yetu. Na mnyororo wa kusingiziwa ulikuwa umefungiwa ndani ya bati. Gurudumu likaanza kucheza. Nikaiona ndoa yangu inaserereka kurudi Masasi.

Paa! Kitu kikaanguka barabarani.

"Mwambie ntoto wa watu asimame kidogo," mama akasema. "Ndala yangu imetoka."

"Mama anasema ndala imetoka," nikamwambia mtu aliyekuwa hatua moja kutoka kwangu.

"Mwambie... mama... pole," akajibu, na hiyo pole ilimtoka kwa awamu.

Nikainama kuiokota. Ndala nzima, haijakatika popote, wala mpira niliofunga haupo. Nikainua macho. Ncha ya mpira ilikuwa inachungulia kwenye pindo la khanga ya mama, na mama alikuwa anaitazama mikorosho kwa makini sana. "Kwa kuwa nimeshashuka, ngoja ninyooshe miguu," akasema, akatembea mpaka mwinuko ulipopungua, ndipo akapanda tena. Mimi nilijiziba mdomo kwa khanga nikacheka mpaka kwikwi ikanishika.

Kona iliyofuata ikatoka ndala ya pili. Halafu ya kwanza tena. Mwenzangu naye si mjinga, akaanza kuielewa ile safari. Mahali fulani pakali alifunga breki mapema, akaweka mguu chini, akangoja. Ndala haijaanguka. Mama akajikuna kifundo cha mguu. Kisha, paa! ikaanguka, na kila mtu akatazama upande wake.

Kule juu palikuwa tambarare na upepo, na tulizikanyaga baiskeli hadi nyumbani kama watu wanaokwenda harusini. Mjomba alikuwa barazani. Ujana wake wote alikuwa hodari wa kutokwa na mnyororo.

"Mmepandaje?" akauliza.

Mama akakaa, akanywa maji, akafuta mdomo taratibu. Nilitamani kumnyang'anya ile kata.

"Kanipakia huyu," akasema. "Na mnyororo haukutoka hata mara moja."

Mjomba akainuka nusu kwenye mkeka. "Hata pale konani?"

"Hata pale."

Akamkaribisha kijana wangu akae karibu naye, na kwa jinsi alivyomtazama ungedhani kaletewa simba. Mimi nikakimbilia jikoni. Mama akanifuata, akafungua pindo la khanga, akanitia mkononi vile vipande vya mpira.

"Ukiolewa naye," akasema, "usivae viatu vya kamba."

Nikapiga vigelegele peke yangu kule jikoni, mjomba akauliza kutoka barazani nani amejifungua.