Simu ya nyumba yetu Kamina: mtu alipiga mara tisa, akakata mara tisa

Wakuu, habari za mchana.

Nawaandikia kutoka Kamina, huku Haut-Lomami, na hii si chai. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi ya hii niliyonayo.

Nyumbani tuko tisa siku isiyokuwa na mgeni, na siku hiyo sijawahi kuiona.

Simu ziko kadhaa, lakini namba inayojulikana na ukoo mzima ni moja. Ndugu wa Mulongo wameiandika ukutani kwa mkaa. Kwa wale wa Luena iko ndani ya jalada la Biblia. Simu yenyewe ni ya vitufe, inakaa juu ya kabati karibu na dirisha, maana ukiitoa pale mtandao unakufa.

Shida ilikuwa ujumbe. Kila mtu anapokea, hakuna anayekumbuka. Binti yangu Monique alipokea habari ya harusi ya binamu yake, akatuambia harusi imeshapita. Mdogo wangu Kabamba alipigiwa na mtu wa mahindi, akamjibu "sawa", na mpaka leo hatujui tulikubali nini.

Nikaamua kuleta utaratibu. Nilisoma sosholojia Lubumbashi, nafundisha sekondari, na mtu wa aina yangu akiona fujo hununua daftari. Nikachora safu nne: saa, aliyepiga, anamtaka nani, neno lake. Ilikuwa likizo, kwa hiyo nikatangaza mezani kwamba simu ya nyumba nitapokea mimi peke yangu.

Mke wangu, Mama Monique, akanitazama. (Kwa Kiswahili cha huku, "njo" ni "ndiye" na "minyi" ni "mimi".)

"Weye njo utakuwa sekretere?"

"Minyi njo direkta."

"Basi direkta, usipoteze simu ya mama."

Hapo ndipo palipokuwa na uzito, wakuu. Mama yake anakaa Luena, na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali ya hapa kwa wiki moja tu, na hakuna aliyejua watarudi lini. Orodha ya majina ilikuwa ifungwe Ijumaa saa sita mchana. Tulishampelekea habari kwa mkono wa abiria wa treni. Mama aliogopa kisu, na mke wangu hakutaka kumwandikisha kwa nguvu. Alisubiri neno lake mwenyewe.

Mama hana simu. Jirani aliyekuwa anamwazima alihama. Kwa hiyo sisi hatukuwa na namba ya kumpigia. Ni yeye wa kutupigia.

Jumatano asubuhi ikalia. Namba ngeni.

"Alo, hapa nyumbani kwa Papa Monique, nani anasema?"

Kimya. Mtu anavuta pumzi, kuku analia kwa mbali. Halafu akakata.

Dakika tano, tena. Nikasema alo kwa Kifaransa, nikasema kwa Kiluba. Akakata. Nikaandika kwenye daftari: "Bubu." Jioni mabubu walikuwa wanne.

Sasa nikaanza kufikiri, jambo ambalo kwangu huwa hatari. Ni mtu gani huyu anayekata akisikia sauti ya mume?

Mnacheka. Nina miaka hamsini na mbili, ndoa miaka kumi na tisa, na nilikaa kwenye kiti karibu na kabati nikiona wivu kama kijana. Nikamchunguza mke wangu. Kila simu ikilia, anashtuka. Kila dakika macho yako kwenye kabati. Nikaona ushahidi umetimia.

"Nani alipiga?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Mama hakupiga?"

"Mama hakupiga." Nikafunga daftari asione mabubu wangu.

Alhamisi alipiga mara tano zaidi. Zikawa tisa. Mara ya tisa nilimwambia, "Nakujua!", ingawa sikumjua hata kidogo. Akakata haraka kuliko siku zote. Nikaifungia namba ile isiingie tena, nikajisikia mwanamume.

Ijumaa saa nne mke wangu akatoka kwenda hospitali kumwomba karani amsubirie mama yake. Alikuwa amelia. Mimi nikabaki na daftari.

Saa tano simu ikalia. Namba nyingine, na safari hii mtu akasema.

"Alo. Weye njo bwana ya nyumba?"

"Njo minyi."

"Minyi Mama Zaina, nauzisha chumvi hapa Luena. Line yangu ya kwanza haipite tena kwenu, sijue juu ya nini."

Mimi nilijua juu ya nini.

"Iko mama moja hapa, anapiga kwenu tangu juzi. Akisikia sauti yako anatupa simu kama iko moto. Ulimufanya nini, baba?"

"Mama gani?"

"Anasema weye njo ulioa mutoto yake."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke mzee: "Usinipatie ile simu! Iko bukwe yangu!" Bukwe ni mkwe.

Wakuu, kazi yangu ya kumaliza chuo ilihusu heshima kati ya mwanamume na mama mkwe wake kwa Waluba. Kurasa themanini na mbili. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemezani. Kuhusu simu sikuandika mstari.

Miaka yote mama alipopiga, mtoto yeyote alipokea na kukimbia kumwita mama yake. Mimi nilikuja na utaratibu, nikajikalisha mlangoni kama jiwe.

Saa ilikuwa inakwenda.

"Mama Zaina, muulize kama anakubali kutengenezwa macho."

"Anakusikia, simu iko na spika."

"Hanisikii. Muulize weye."

Nikasikia akimwambia mzee: "Mama, anauliza kama unakubali bakutengeneze macho."

"Muulize kama batanipasua na kisu."

"Anauliza..."

"Kisu kidogo sana," nikasema. "Haikawie."

"Anasema kidogo sana. Bantu ya huku, muko na mambo! Munasema luga moja, na minyi niko mufasiri!"

"Muulize," mama akasema, "kama ingekuwa macho yake, hangeogopa?"

Hapo nilisahau desturi na kurasa zangu zote. Nikajibu moja kwa moja: "Ningeogopa, mama. Ningeogopa sana."

Nikajua nimeharibu, atakata mara ya kumi.

"Zaina," ikasema ile sauti, "ambia ule muntu, nakuja. Bengine bote banasema haiogopeshe."

Nilipanda baiskeli nimevaa kandambili za Monique. Mke wangu nilimkuta kwenye dirisha la karani, bado dakika kumi na moja.

"Anaitika!"

"Nani alikuambia?"

"Zaina."

"Zaina njo nani?"

"Andika jina kwanza."

Akaandika. Nyumbani nikampa daftari, mabubu wote tisa, nikaungama nilichokuwa nafikiri. Alicheka mpaka akakaa chini. "Minyi, niko na bwana mwingine? Na hii miguu ya kuvimba?"

Mama alikuja kwa treni, akapasuliwa, akakaa kwetu. Zamani akitutembelea, nilikuwa nakimbia peke yangu, maana hakuwa ananiona. Aliweza kunipita karibu kunikanyaga, na kazi ya kumstahi ikabaki yangu tu.

Wiki ya pili nilitoka uani bila kuangalia. Alikuwa upande wa pili, karibu na jiko, hatua ishirini hivi. Akainua uso, akashtuka, akajifunika kitenge na kugeukia ukuta.

Nikarudi nyuma ya mlango. Nilisimama pale muda mrefu, nikicheka kama mjinga, machozi yananitoka. Alikuwa ameniona.

Nilichojifunza: kabla hujapanga fujo ya nyumba yako, chunguza kwanza ni nani aliyekuwa anapitia humo. Simu sasa anapokea yeyote aliye karibu. Daftari Monique anaandikia mapishi.

Na ninyi wadau, huko kwenu mkwe akipiga na uko peke yako nyumbani, mnafanyaje? Mimi kwa sasa nakohoa, naweka simu juu ya kabati, natoka nje, yeye anaongea na kabati. Kama kuna njia bora, niambieni.