Gari Langu Bila Sailensa

Kuna wakati niliamini kabisa kwamba risasi haiwezi kulipata gari linalonguruma. Wallahi niliamini. Madereva wa stendi ya Koboko ndio waliosema, wanaume waliovuka mpaka mara nyingi kwenda Yei, Sudan Kusini, na kurudi na mabodi yaliyotobolewa kama chujio. Walisema ekzosi ikipiga kelele ya kutosha, sauti inasukuma hewa, hewa inasukuma risasi, na risasi inapita kando kama mlevi anayekosa mlango wa nyumba yake. Mmoja aliapa kwamba aliiona kwa macho yake ikigeuka na kumrudia aliyeipiga.

Mjinga wa kawaida angecheka. Mimi nilikuwa mjinga mwenye cheti. Nilikuwa nimehitimu shule ya usiku, mtu mzima na ndevu zangu, na mwalimu wetu alitufundisha kwamba sauti ni mawimbi ya hewa. Basi nikasimama katikati ya stendi nikawathibitishia kwa sayansi. Wakanipigia makofi mpaka mbuzi wakakimbia.

Siku hizo nilikuwa nabeba maharage ya mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Sudan Kusini aliyekimbilia Arua, upande wa Uganda, na watoto wake. Alikuwa mteja wangu kwa miaka mitatu, mwanamke mnene, mtaratibu, asiyependa mzaha wangu lakini akiuvumilia. Alitaka kupeleka mzigo Yei, na kila wiki alingoja msafara wenye askari. Nikamwambia, "Mama, wiki hii hatungoji askari. Mimi nitatengeneza gari." Hakuniuliza nitatengeneza nini. Aliniamini.

Gari lenyewe lilikuwa la kupanda milima na kuvuka matope, la petroli, kuukuu kiasi kwamba nadhani Nuhu alilikataa kwenye safina kwa kuogopa kutu. Nikalipeleka kwa fundi mmoja Mkongo mwenye karakana barabara ya Vurra. Akainama chini, akatazama, akatoka na kutu kwenye nywele.

"Ndugu, sailensa iko muzima. Unataka nitoe kwa nini?"

"Toa tu, ndiyo inayomeza kelele. Weka bomba moja, linyooke kutoka kwa injini mpaka nyuma."

"Mutu mwenye akili hafanyi hivyo. Kabureta yako inakunywa petroli kama bwana harusi. Ile haiungui itaingia kwa bomba ya moto, itapasuka. Pa! Pa! Kama bunduki."

"Si ndiyo nataka, fundi? Ipasuke!"

Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekataa sindano. Kisha akachukua nyundo.

Sijaona kipigo kama kile. Nati zilikuwa zimeshikana na bolti kwa kutu ya miaka mingi, na fundi alizipiga kwa tindo huku akizitukana kwa lugha tatu. Kichwa cha bolti kilikatika, kikaruka, kikanipasua sikio. Damu ikashuka shingoni, nami nikacheka, maana niliiona kama kafara. Sailensa ilipokataa kuachia, aliipiga mateke, akaikata kwa msumeno wa chuma, akaing'oa ikilia kama nguruwe. Mahali pake akachomelea kipande cha bomba la maji, kutoka kisima cha pampu kilichoharibika kule Logiri. Moshi mweupe wa zinki ya lile bomba ulimkohoza mpaka akainama, akaenda kunywa maziwa nusu lita kama wanavyofanya wachomeleaji wote, akarudi na midomo myeupe.

"Washa."

Nikawasha. Kuku wa mtaa mzima wakatoweka, na nasikia wengine bado hawajarudi.

Asubuhi iliyofuata tulipakia magunia. Mama alipanda mbele, akajifunga kitambaa masikioni. "Hii gari iko na ugonjwa gani?"

"Nguvu, mama! Nitakueleza tukifika mpakani."

Njia nzima kutoka Arua sikuondoa mguu kwenye mafuta, kwa utamu wa ule mngurumo. Tulipofika Koboko, siku ya soko, kukawa na matuta ya barabarani mbele ya vibanda. Bomba lilikuwa jekundu kwa moto. Nikaondoa mguu.

PA! PA-PA! PA!

Soko zima likalala chini. Wale waliokuwa wamekimbia vita walianguka kwanza, kina mama juu ya watoto wao, nyuso kwenye vumbi. Meza ya nyanya ikapinduka. Nikamgeukia mama nimwambie asiogope, nikakuta kiti kitupu na mlango unapigapiga. Alikuwa ameruka.

Nikashika breki. Alikuwa amelala kando ya lami, kipaji cha uso kimepasuka kwenye ukingo wa mfereji, damu imemjaa usoni, hasemi. Gari langu nyuma linatoa moshi.

"Amepiga yeye risasi!" mwendesha bodaboda akapiga kelele. "Amepiga mama!"

Nilifungua mdomo kueleza na pampu ya baiskeli ikaingia humo. Jino likatoka. Nikavutwa kwa kola, kwa mguu, kwa ndevu. Mara nyingi nimesema walikuwa watu elfu kumi. Labda walikuwa arobaini. Lakini mguu wa mtu aliyeogopa una uzito wa miguu kumi. Nilisikia ubavu ukilia ndani yangu kama kijiti. Mtu akanikanyaga mkono, akausokota kama anazima sigara.

"Iko wapi bunduki?"

"Hakuna! Ni ekzosi!"

"Anadanganya! Lete petroli!"

Nikaona jerikeni ya manjano ikija, ikipokezanwa mkono kwa mkono juu ya vichwa. Petroli ikanimwagikia mgongoni, baridi kabisa. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kusema sikumpiga, na alikuwa amelala kwenye mfereji. Mimi niliyekuwa na maneno ya kila kitu nikabaki na moja: "Mama. Mama. Mama."

Kilichofuata ni uzito. Kitu kikubwa kilikaa juu yangu, nikadhani ndicho kifo, kwamba kifo ni kinene namna hii. Damu ya mtu ikanidondokea shingoni. Ni yeye. Alikuwa ametambaa katikati ya miguu yao, akanikalia.

"Kama munachoma, chomeni sisi wawili," akasema, akihema. "Shimo ya risasi iko wapi kwa mwili yangu? Tafuteni!"

Wakainama kutafuta. Mmoja alikuwa bado ameshika kiberiti.

"Wewe wa bodaboda. Ingia kwa gari. Kanyaga mafuta, halafu wacha."

Akaingia. Akakanyaga, akaacha. PA! PA! Soko zima likalala chini mara ya pili, na mwenye kiberiti akalala wa kwanza. Kisha nyuma mtu akaanza kucheka, wakacheka wote, hata yule wa pampu, akanishika kwapani kuniinua. "Pole, ndugu. Tuliogopa." Mama hakucheka. Alikuwa akijifuta damu machoni kwa kile kitambaa chake.

Tulikaa kwenye benchi moja la zahanati, yeye akishonwa kipaji, mimi nimefungwa mbavu na kunuka petroli. Ndipo akauliza kwa nini nilitoa sailensa. Nikamweleza yote, mawimbi, hewa, risasi inayokosa njia. Nilieleza vizuri sana, hata kwa pengo la jino. Mwuguzi akaacha kushona ili asikilize.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana yangu alikuwa na lori," akasema. "Sailensa ilianguka, hakuweka ingine. Wale watu wa bunduki porini walisikia yeye kutoka mbali, wakakaa tayari, wakapiga. Kelele haizuii risasi, mwanangu. Inawaambia tu kwamba unakuja."