Mpichi wa Nyuma ya Jiko

Nina ugomvi na mti. Ni mpichi mmoja mzee, umesimama nyuma ya jiko la mama yangu huko Mgeta milimani, na bibi yangu ndiye aliyeupanda. Mimi ni mwalimu wa biolojia, naishi mjini, Kilakala, na kila mwaka nawaeleza wanafunzi jinsi ua linavyojua wakati wake. Siku hizi nikifika ukurasa huo nausoma haraka haraka.

Kwetu mpichi ule ndio uliokuwa kalenda. Baridi ya Julai ikianza kulegea, ulichanua wote bila jani hata moja. Maua yakishadondoka, mama alisubiri mvua ya kwanza, kisha akashika jembe na kupanda maharage. Mteremko mzima ulimwangalia yeye. Hakuna aliyemteua, zamani alianza bibi, baadaye akaanza mama, watu wakazoea. Akiinama yeye asubuhi, kufikia adhuhuri migongo imeinama hadi kule chini mtoni.

Mwaka huu mti ulichanua mwanzoni mwa Juni. Juni! Baridi yenyewe ilikuwa bado haijaanza kuuma. Mama akanipigia simu.

"Mpichi umechanua," alisema, kama anayenishtakia mtoto mtukutu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechanua, nakwambia."

"Usiufuate. Joto limeuchanganya. Subiri."

"Nisubiri simu yako? Mwaka jana ulisema simu imesema mvua Jumanne. Jumanne ipi ile, mwanangu?"

Mwaka jana nilimsomea utabiri, akachelewa kupanda kwa ajili yangu, na mvua ikanyesha ikaisha mbegu zikiwa bado kwenye kibuyu. Hajanisamehe. Ana haki, lakini inaudhi.

Basi akaufuata mti. Agosti ikaleta mvua ya siku tatu, naye akashika jembe, na mteremko wote ukamfuata. Maharage yakaota vizuri, majani mawili mawili, kisha jua likawaka wiki tatu mfululizo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Waje Mgeta waone mawingu yanavyolala mlimani kutwa nzima bila kudondosha tone. Kila kitu kikakauka. Na yale hayakuwa maharage ya kununua. Yalikuwa ya madoa, ya bibi, ambayo dukani hayapo. Mama alibakiwa na robo ya kibuyu tu.

Oktoba nilipanda lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha kabichi mjini, nikamalizia njia kwa miguu, hasira ikinisukuma. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Tawi moja la mpichi lilikuwa na vipichi vigumu kama kokoto, na jingine, pembeni yake, lilikuwa limechanua upya. Nikausema mti ule kwa sauti, maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatamka.

"Unautukana mti wa bibi yako?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Ndiyo."

"Hausikii. Mimi nimeshautukana sana."

Kabla sijakaa, jirani alipita. Naye alikuwa amepoteza mbegu zake zote Agosti, kwa kumfuata mama.

"Shikamoo mama. Safari hii tunaanza lini?"

Aliuliza bila kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. "Sijui," mama alisema. Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo kuhusu shamba. "Muulize mwalimu."

Wote wawili wakanigeukia. Nikaeleza jinsi dunia inavyopata joto, jinsi mpichi usipopata baridi yake ya kutosha unavyopoteza hesabu. Nilieleza vizuri sana. Jirani alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu. Lakini lini?"

Nilitamani kulia kwa hasira. Nilisema nami sijui.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na manyunyu. Nilimtafuta mama shambani, kwenye matuta yanayoonekana na mteremko mzima, hakuwapo. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta. Nilimkuta nyuma ya jiko, amepiga magoti karibu na shina la mpichi, anatoboa udongo kwa kidole na kudondosha maharage ya madoa, moja moja, kisha anafunika kwa majani makavu.

"Mama, shamba si lile kule?"

"Sema taratibu," alisema bila kuinua kichwa. "Wakiniona na jembe watapanda wote."

Alinimiminia mbegu zilizobaki kiganjani.

"Hizi zikifa, zife za kwangu peke yangu."

Nikapiga magoti upande wa pili wa shina, tukapanda kimya, tumeupa mteremko mgongo.